Kitabu cha Nne cha Mkaguzi wa Mizani

Tarehe 9 Mei mwaka huu, kwa mujibu wa daftari la maktaba, mkaguzi wa mizani aliazima vitabu vinne kwa mkupuo. Vitatu alivirudisha ndani ya mwezi. Cha nne amekiongezea muda mara sita.

Vyote vinne vimo kwenye orodha ya Mwalimu, mwanamke anayeongoza kikundi cha maigizo ya papo kwa papo katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Cha kwanza kinafundisha kusikiliza, cha pili kulipokea wazo la mwenzako bila kulipinga, cha tatu kuusemesha mwili. Cha nne ni mkusanyiko wa vichekesho mia tatu, na Mwalimu alikiwekea onyo kwa kalamu nyekundu: "Someni mcheke, msikariri." Katika kikundi hicho hakuna kosa kubwa kuliko kupanda jukwaani na maneno uliyoyaandaa nyumbani.

Aliyelichungulia daftari ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ndiye aliyemwingiza kikundini. Alishaanza kushuku, maana mazoezini Mkaguzi hakukosa la kuchekesha. Mtu aliyeshinda miaka kumi na tisa na mawe ya kilo, ulimi mwepesi namna hii ameutoa wapi?

Alhamisi wiki hii, siku mbili kabla ya onyesho lao la kwanza mbele ya watu, alimkabili katikati ya mazoezi.

"Shemeji, mara sita! Hicho kitabu unakisoma au umekioa?"

"Nakisoma nijue nisiseme nini," alijibu Mkaguzi. "Nikienda kukagua duka nabeba jiwe langu la kilo. Bila hilo nitajuaje la mwenye duka limepunguzwa? Vichekesho vya watu lazima nivijue, nisije nikavitoa kama vyangu."

"Na hayo nayo yapo ukurasa wa ngapi?" alidakia kinyozi, mwigizaji mwenzao. Ukumbi ukaangua kicheko.

Mwalimu alikitwaa kitabu, akakifungua popote, akasoma nusu ya kichekesho cha daktari wa meno na mgonjwa asiyetaka kufumbua kinywa. Mkaguzi akamalizia nusu iliyobaki, neno kwa neno. Mwalimu akafungua kwingine, mambo yakawa yaleyale. Mkaguzi alipomaliza kichekesho cha tatu hakuna aliyecheka.

"Si mmeona? Amekimeza hadi jalada," alisema shemeji.

"Ningekuwa tapeli ningejifanya sikijui."

"Au ulijua tutafikiri hivyo."

Mkaguzi aliomba asiondolewe. Alikuwa amewaalika wakaguzi wenzake wanane, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumsikia akitania.

Mwalimu hakumtoa, wala hakumsafisha. Jumamosi saa kumi alasiri Mkaguzi atapanda jukwaani wa kwanza, na neno la kuanzia litatoka kwa watazamaji. Shemeji yake ataketi mstari wa mbele, kitabu mapajani, kengele mkononi. Akisikia sentensi moja iliyomo kitabuni ataipiga, na Mkaguzi atashuka.