Kifua cha Nyaboke

Nyaboke amekaanga mgongo wazi sokoni Homa Bay tangu aolewe, na tangu aolewe anasinzia mbele ya karai. Mgongo wazi ni ile mifupa ya samaki mbuta inabaki kiwanda kikishachukua nyama yote kupelekea wazungu. Moshi ndio wanatuachia sisi. Mkono wake uko na kovu kubwa la mafuta, siku ile usingizi ulimwangusha. Wenzake wakasema ni uvivu. Bwana yake Maranga, dereva wa lori ya omena, hao dagaa wa ziwa, akasema ni uvivu pia, na huyo ndiye anakoroma mpaka majirani wanahamisha vitanda. Nani angesikia pumzi ya mama karibu na ngurumo kama hiyo?

Basi wakaja watu wa utafiti kutoka hospitali, wanataka madereva. Walikuwa na kamashine unafunga kifuani na kwa kidole, kanaangalia kama ukilala pumzi inakatika. Mwenye lori akatangaza: dereva ambaye pumzi inakatika ataacha usukani.

Maranga si mjinga. Anakuwa mjinga tu akifikiria sana. Jioni akamfunga bibi yake hiyo mashine.

"Mama Levis, wewe hukoromi. Lala vizuri tusikose ugali."

"Na wakijua?"

"Watajua aje? Hiyo kitu iko na macho?"

Asubuhi akairudisha hospitali, anatembea kama bwana harusi.

Baada ya siku kidogo wakamwita, aje na bibi yake. Daktari Dorah, msichana mpole, alimwangalia kwa huruma.

"Pole mzee. Usiku pumzi yako inakatika, inakatika tena. Asubuhi kichwa inauma?"

Maranga akamwangalia bibi yake. Nyaboke ndiye kichwa kilikuwa kinamuuma hata saa hiyo.

"Mchana unasinzia ukifanya kazi? Kifua inabana? Unavuta sigara?"

"Sigara? Mimi Msabato!"

"Basi ni moshi gani unakaa ndani yake?"

Nyaboke alikuwa anasikia ugonjwa wake ukitajwa wote, mara ya kwanza maishani, na unapewa mwanaume.

"Kuendesha gari umeacha leo," daktari akasema. "Tutakupatia mashine ya kulalia, na dawa ya kifua."

Aliposikia gari, ulimi wa Maranga ukafunguka. "Daktari, ngoja! Hiyo si kifua yangu, ni ya huyu mama! Ni mgonjwa sana huyu, hata anaungua na mafuta! Mimi niko sawa!"

Miaka yote Nyaboke alikuwa mvivu. Lori ndiyo imemfanya mgonjwa.

Dorah akamgeukia Nyaboke. "Mama, basi hiyo matibabu ni yako, tunaanza leo. Na huyu mzee je, yeye analala aje?"

"Mwambie, Mama Levis," Maranga akasema, anatabasamu. "Mwambie vile mimi nalala."

Nyaboke akavuta kiti karibu na daktari, akakaa vizuri, akamwambia, kuanzia ngurumo mpaka vitanda vya majirani.