Siku Niliyofukiza Mkojo wa Paka kwa Uunsi

Kuna nyumba moja hapa Garissa ambayo mpaka leo watoto wake wakiniona barabarani wananiita Miau, na mimi huwapungia mkono nikaendelea na safari yangu, maana jina hilo nilijipa kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya akina mama wasiopungua kumi, wakati hakuna hata mmoja aliyekuwa ameniuliza kitu. Naona haya kuisimulia, lakini kila nikiikumbuka najikuta nasema alhamdulillahi, kwa hiyo chekeni kwanza, halafu mnisikilize.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa kijana niliyeishia darasa la nane, mwenye ndoto nyingi kuliko nguo. Nilikuwa nashona magodoro ya kukalia chini na mito ya kuegemea, yale makochi ya Kiarabu ambayo kwetu nyumba ya maana haiyakosi, katika kibanda cha Fundi Mutua, Mkamba wa Mwingi aliyekaa Garissa hadi akawa anawatania wateja kwa Kisomali. (Kichwani mwangu kibanda kile kilikuwa tayari kina ghorofa mbili na dirisha la kioo, ila hilo sikuwahi kumwambia.) Wiki hiyo mama yake Mutua aliugua, akalazimika kwenda kwao, akaniachia kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata: seti nzima ya mahameli nyekundu ya Mama Sahra, muuza vitambaa sokoni, aliyekuwa anamwoza binti yake, na wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa wanakuja kutoka Hadado siku ya Alhamisi.

"Bashir," Mutua akaniambia akifunga begi lake, "huyu mama akikasirika, wanawake wa mji mzima watajua kabla ya jioni, na mimi nitarudi Mwingi kulima mtama. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia. Na Mama Sahra mwenyewe alipopita Jumatano kukagua, akamwona paka mmoja dume, sikio limechanika, amejilaza mlangoni, akamnyooshea kidole.

"Fundi, mimi nataka kitu safi. Nywele moja ya baka nikiona, narudisha yote!"

"Hatakanyaga ndani, eeddo," nikamjibu, nikimwita shangazi kwa heshima.

Jioni hiyo ikanyesha. Nyinyi mnajua mvua ya kwetu, mwaka mzima haiji, ikija inakuja na deni la miaka mitatu, na yule paka akawa amesimama mlangoni amelowa, amekuwa mwembamba kama kamba, ananitazama. Nikasema moyoni, ni usiku mmoja tu, na nitamtandikia gunia pembeni. Nikamtandikia gunia, nikafunga, nikaenda nyumbani nikijisifu kwa huruma yangu.

Asubuhi gunia lilikuwa kavu kabisa, hata halijaguswa. Paka alikuwa amelala juu ya godoro la katikati, lile refu la wageni wa heshima, na kabla ya kulala alikuwa amelitia alama kwamba ni lake.

Sasa hapa ndipo mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja kwa Mama Sahra akasema ukweli. Mimi nilichemsha maji. Nikamwaga maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua mpaka mahameli ikalala upande mmoja kama nywele za mtoto wa shule, na ile harufu, wallahi, badala ya kufa ikaamka, ikanyoosha miguu, ikajaa kibandani. Nikamwaga marashi. Ikawa mkojo wenye marashi. Ndipo nikakimbia nyumbani kumwomba mama chetezo na uunsi, ule ubani wetu ambao akina mama hufukizia nyumba na nguo.

"Uunsi wa nini asubuhi hii?" mama akauliza. "Bashir, unaoa bila kuniambia?"

"Ni wa kazi, hooyo."

Nikalisimamisha godoro juu ya chetezo kama hema, nikapuliza makaa, nikakaa humo ndani na moshi nikilia machozi, na nilipotoka nilinukia hivi kwamba mwenye mkokoteni wa punda aliyekuja kubeba mzigo alisogea upande wa pili akaniuliza bibi harusi ni nani. Lakini godoro nalo lilinukia uzuri! Nikalipapasa, bado lilikuwa na unyevu kidogo katikati, nikajiambia jua litamaliza njiani.

Njiani ndipo moyo ulianza kunisumbua. Si harufu tena, bali najisi. Paka mwenyewe hana neno, hata akinywa maji yako unatawadha, lakini mkojo wake ni mkojo. Mzee atakaa pale na kikoi chake kizuri, unyevu utamshika, halafu Alasiri itaadhiniwa, naye atasimama kuswali na nguo ile, hajui. Mimi ndiye nitakayejua. Nikawa nabishana na nafsi yangu nyuma ya punda mpaka tukafika, na nafsi ikawa inanishinda kwa jambo moja tu: uso wa Fundi Mutua akilima mtama.

Tukapanga sebule. Ilipendeza, nisiwadanganye, nyekundu ukuta kwa ukuta, na akina mama wa pale wakapiga vigelegele nikajiona nina ghorofa tatu. Jua la saa nane lilikuwa limewaka juu ya bati, chumba kikapata joto, na mimi peke yangu (nilidhani) nikaanza kusikia kitu kingine kikichungulia chini ya uunsi.

Kati ya wale akina mama alikuwemo Bi Rukia, mzaliwa wa Lamu aliyeolewa Garissa, ndiye aliyeshika upishi wa shughuli, na Kiswahili chake ni kile cha mwambao chenyewe. Akawa anapita anapapasa kila mto. Akafika kwenye godoro la katikati. Akainama. Akasema, polepole, akinitazama:

"Fundi, hapa pana baka."

Jamani. Nimezaliwa Garissa. Kwetu pilau ni bilau, pesa ni besa, na paka, kama mlivyomsikia Mama Sahra, ni baka. Nikapiga magoti juu ya zulia la watu.

"Nisameheni! Ni kweli, ni paka, nilimwingiza mimi, alikuwa amelowa, nikamtandikia gunia akalikataa, akakojoa hapo hapo, nami nikaosha kwa maji ya moto, nikatia marashi, nikafukiza uunsi, lakini wazee wasikae hapo, ni najisi, wasije wakaswali nayo, Fundi Mutua hajui chochote, ni mimi!"

Hata wapishi wa uani walikuja kuchungulia mlangoni.

"Mwanangu," Bi Rukia akasema, "mimi nimesema baka. Doa. Doa la chaki yako hii." Akalifuta kwa kidole kimoja, likatoka.

Sijui nani alianza kucheka, nadhani ni msichana mmoja mlangoni, kisha wote, wengine wakashika ukuta, na mmoja akafanya "miau!" (hapo ndipo jina lilipozaliwa). Mama Sahra hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Yaani ungenyamaza, mimi nisingejua?"

"Usingejua, eeddo."

"Na mgeni wangu angeswali na mkojo ya baka?"

"Angeswali."

Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu matuta ya mtama. Kisha akageuka, akasema, "Rukia, unaweza kuokoa hii kitu?"

"Godoro litapona. Ila leo msilikalie." Bi Rukia akanivuta sikio mpaka uani. "Maji ya moto, mwanangu! Na moshi! Umeuoka mkojo kama mkate. Vua viatu."

Wakatandika godoro la watoto katikati ya sebule, wakalifunika kitambaa kizuri kutoka dukani kwa Mama Sahra, nami nikafungua zipu ya lile lenye mkojo, nikatoa sponji nikaitia kwenye karai. Akanifundisha hapo: maji baridi, mengi, kanyaga, kamua, mwaga, tena na tena. Kisha siki ya kachumbari ya harusi nusu kwa nusu na maji, iloweke mpaka iingie kote, kisha maji baridi tena mpaka pua ikose la kusema, na mwisho jua, si moto. Kifuniko nacho vivyo hivyo, bila kusugua.

Nikiwa ndani ya karai, suruali imekunjwa mpaka magotini, wazee walikuwa wamefika, na mmoja wao akatoka uani kutawadha. Akasimama na birika yake, akanisemesha kama ami yangu.

"Adeer, hii godoro imekukosea nini, unabiga teke?"

Sikuwa na uwongo uliobaki. Nikamweleza yote. Alicheka hadi maji yakamwagika.

"Mimi nimelala na ngamia miaka sitini, harufu ya baka haiwezi kuniua," akasema. "Lakini swala yangu ungeniharibia, na umeniambia. Mungu akubariki." Akaninyooshea mkono nimpe wangu, uliojaa siki, akaushika vizuri.

Godoro lilikauka kesho yake. Bi Rukia alilizamishia pua yake yote, akainuka, akasema, "Rudisha ndani." Siku ya harusi lilikaliwa.

Fundi Mutua aliporudi, Mama Sahra alifika kibandani kabla sijapata ujasiri wa kumsimulia. Nikainamia cherehani kana kwamba sindano imepotea. Akamweleza kila kitu, na miau pia. Mutua akanigeukia, mdomo wazi.

"Nina binti wa pili," Mama Sahra akaendelea. "Rangi ya kijani. Na nataka ashone huyu."

"Huyu?" Mutua akauliza. "Baada ya hayo yote?"

"Huyu akiharibu, anasema."

Basi nawashukuru wote watatu, mama wa sokoni, bibi wa Lamu na mzee wa Hadado, kila nikifungua kibanda. Na nimejiapiza: kitu kikinuka nitakisema kabla sijakifukiza, na mtu akianza kunieleza jambo nitamngoja amalize, hasa kama katoka Lamu.