Mzee Kibano na Furushi Lililokataa Kubanika

Jina lake la kuzaliwa analijua dada yake na ofisi ya pensheni. Sisi wengine tulimwita Mzee Kibano, naye aliitika. Jina alilipata kwa masanduku. Ukiwa na safari na sanduku lako limegoma kufunga, ulimwita yeye. Alikuja, akazimwaga nguo zote kitandani, akazikunja upya huku akikusema kwa uvivu wako, kisha akalikalia sanduku kwa uzito wake wote mpaka zipu ikasalimu amri. Kitu chochote kilichojaza nafasi bure kilimuuma kama jino.

Kabla ya kustaafu alikuwa fundi mitambo wa kituo cha redio. Kutoka huko alirudi na sikio moja lililochoka, na kompyuta ya zamani isiyo na picha hata moja: skrini nyeusi tii, unaiandikia amri kwa herufi, nayo inatii au inakujibu ovyo. Watu wa kubofyabofya aliwaona walegevu. "Mashine unaiambia unachotaka," alisema, "huipapasi."

Basi asubuhi moja binti yake akapiga simu. Ni mtoto wake wa pekee, ameolewa mji wa mbali, na siku zile alikuwa na mimba iliyokaribia kabisa. Daktari alikuwa amemkataza hata kupanda ngazi, sembuse safari.

"Baba, zile sauti za mama umenitumia?"

"Kesho, mwanangu."

"Hiyo kesho naisikia tangu miguu haijaanza kuvimba." Kisha sauti yake ikashuka. "Baba, sura ya mama ninayo kwenye picha. Sauti sina. Huyu mtoto akilia nitambembeleza vipi, na mimi sikumbuki nilibembelezwaje?"

Mzee Kibano akasema mtandao unasumbua, akakata simu. Uongo mtupu, mtandao ulikuwa mzima wa afya.

Kisa chenyewe ni hiki. Mkewe alifariki binti akiwa hajang'oa jino la utoto. Enzi za uhai wake alikuwa akimpelekea mumewe chakula cha mchana kule kituoni, mtoto mgongoni. Pale maikrofoni lazima zijaribiwe kabla ya taarifa ya habari ya mchana, na hakuna mtangazaji aliyekuwa tayari kuacha sahani yake kwa ajili hiyo, kwa hiyo mama yule ndiye aliyesimamishwa mbele ya maikrofoni aseme chochote kinachomjia. Mumewe, nyuma ya kioo cha studio, alirekodi yote, akayatia kwenye folda aliyoiita "majaribio". Tangu siku ya mazishi hakuwahi kuyasikiliza. Sasa leo ameshikwa pabaya, akaamua atayabana yote yawe faili moja dogo, furushi kama alivyoliita, alirushe kwa barua pepe, yaishe.

Dada yake mkubwa, aliyeishi naye na ambaye hakumwogopa hata kidogo, alikuwa anachambua mchele mezani aliposikia ukelele.

"Imenitukana!"

"Nani?"

"Hii mashine! Nimeiambia ifunge furushi, inaniita mwoga!"

Mwalimu, jirani yao aliyestaafu kufundisha Kiingereza, aliitwa kwa kugongewa ukuta, maana ndiyo simu yao. Akaja na miwani yake, akausoma ule mstari mweupe, akausoma tena.

"Si wewe," alisema. "Inajisema yenyewe. Inasema, 'Kwa uoga wangu, nakataa kuunda furushi tupu.'"

"Mashine inaogopa?" dada mtu akauliza.

"Ndivyo walioiunda walivyoiandikia."

"Pole yake."

Mzee hakuafiki. Akaandika kwa herufi kubwa MWOGA NI WEWE, akabonyeza Enta. Mashine ikajibu kwamba amri hiyo haiijui. "Mnaona? Inajitia haijui!" Akaandika tena, ikajibu vilevile. Wakazozana hivyo, mtu mzima na chombo, mpaka dada yake akaweka ungo chini.

"Hebu, mdogo wangu. Umeiambia itie nini humo?"

"Nimeandika jina la furushi."

"Jina si kitu. Umeipa gunia, umeliandika kwa nje, ukasema funga. Ndani umetia nini?"

Mzee akatazama. Lahaula! Ile folda hakuitaja. Mtu amezipiga amri hizo miaka nenda miaka rudi, leo kasahau kitu chenyewe. Akakohoa, akasingizia macho.

Safari hii akaitaja. Furushi likafungwa, lakini kubwa mno. Akalituma, likarudishwa mlangoni kwa ukubwa wake. Akalibana tena lile lile lililokwisha kubanwa.

"Limenenepa," Mwalimu alisema kwa upole, kama anatoa habari za mgonjwa.

"Haiwezekani! Nimelibana!"

"Huenda ni kama nguo, mzee mwenzangu. Zikishakunjwa zimekunjwa. Ukizidi kufunga unaongeza kamba."

Mzee Kibano kuambiwa habari za kukunja nguo! Akaiamuru mashine ibane kwa kiwango cha tisa, cha mwisho kabisa. Feni ikaunguruma, meza ikatetemeka, dada mtu akauhamisha mchele wake. Furushi likatoka limeongezeka tena.

"Funga madirisha!" mzee akapiga kelele. "Hewa inaingia!"

"Kwenye faili?"

"Funga, dada!"

Na wakafunga, Mungu shahidi. Watu wazima watatu, jua la saa sita utosini, madirisha yote yamefungwa, Mwalimu kashikilia pazia lisipepee, wanangoja faili lipungue. Likaongezeka.

Mwalimu akajifuta jasho kwa pazia lile lile. "Kwani lazima ziende zote? Si uchague moja fupi. Itapita bila hata kubanwa."

Mzee Kibano akawa anaipangusa meza isiyo na vumbi.

"Kuchagua ni mpaka asikilize," dada yake alisema polepole.

"Spika mbovu," mzee akajibu.

"Jana umesikilizia habari."

"Sikio langu hili..."

"Unalo jingine."

"Dada, niache."

"Sikuachi ng'o! Tangu asubuhi unafunga ili usifungue. Mtoto anakaribia kujifungua, anaomba sauti ya mama yake, wewe unagombana na madirisha! Unaogopa. Si useme tu kwamba unaogopa!"

"Naogopa!" Mzee alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Haya, naogopa! Nikimsikia halafu ikaisha je? Nitakuwa nimefiwa mara ya pili, na safari hii hata jirani wa kunipa pole sina!"

Mwalimu, ambaye ni jirani, akarudi kulishikilia pazia.

Dada yake akaokota kiti, akamkalisha. Akafungua dirisha moja, kisha jingine, upepo ukaingia. Akaichukua simu ya mdogo wake, akampigia binti, akailaza mezani mbele ya spika. "Shangazi yako hapa. Nyamaza kidogo, mama, usikate," akamwambia. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Haya. Hutasikiliza peke yako."

Mzee Kibano akaandika amri fupi. Kidole kikakaa juu ya Enta. Kikashuka.

Kwanza mkwaruzo. Halafu mwanamke akacheka, karibu kabisa na maikrofoni.

"Moja, mbili, nne. Hiki chuma kinanisikia kweli? Wewe baba nanihii, njoo ule, chakula kinapoa." Mtoto mchanga akaanza kulia kwa nguvu, spika ikapasuka sauti. "Oo, oo, oo. Nyamaza, mama. Nani kakuudhi? Baba hajapotea, yuko nyuma ya kioo. Muone yule pale. Ana masikio makubwa, anatusikia. Oo, oo." Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha. Na sauti nayo ikaisha.

Mzee alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanaruka. Mwalimu alikuwa anaitazama sakafu.

"Baba," simu ikasema. "Yule anayelia ni mimi?"

"Ni wewe. Ulikuwa mgongoni. Ukimwona mtu nyuma ya kioo unadhani amekwenda zake."

"Alikuwa ananiita mama."

"Siku zote. Nilikuwa nimesahau, mwanangu. Nisamehe, nilikuwa nimesahau."

"Rudia, baba. Pale anaponibembeleza."

Akarudia. Akarudia tena. Mara ya tatu binti akaanza kusema pamoja na mama yake, taratibu, kama anayejifunza: nyamaza, mama, nani kakuudhi, baba hajaondoka. "Hajapotea," Mzee Kibano akamsahihisha huku analia, wakaanza upya.