Lango la Diani Lililojua Kiingereza

Sisi tuliokulia Msambweni mwishoni mwa miaka ya tisini tulijua kwa yakini kwamba hoteli za Diani zilikuwa na lango linalosikia Kiingereza. Habari alituletea binamu yangu Bakari, ambaye babake alikuwa akipeleka madafu huko. "Wallahi liko, kama fremu ya mlango usio na nyumba! Ukichanganya *his* na *her*, lango lalia mpaka Ukunda wasikia. Warudishwa kwenu."

Niliamini kuliko wote, maana shule yetu ilikuwa imealikwa kuimba hotelini, na mwalimu alikuwa amenichagua mimi kuwakaribisha wageni kwa Kiingereza. Mama alikwisha kuutangazia mtaa mzima. Nikirudishwa langoni, aibu ingefika Vanga kabla mimi sijafika nyumbani.

Na ugumu wenyewe mwaujua, wenzangu. Kwetu kitabu chake ni chake, awe Mwanasha, awe Bakari. Mzungu ataka kwanza umkague mwenyewe, ni mume au ni mke! Basi mchana nikawa nacheza vifuniko vya soda, mchezo ambamo sikuwa na mpinzani hadi Kibuyuni, na jioni nasomeshwa na kuku. Jogoo akipita namnyooshea kidole: *his*. Mtetea akipita: *her*. Harufu ya muhogo wa nazi yatoka jikoni, na mama naye yuatoka na mwiko mkononi: "We, hao kuku wamekukosea nini?" Nikimweleza, acheka. "Chake ni chake, baba. Hao wazungu wana umbea."

Kuku wale walinifundisha vizuri. Miaka mingi baadaye, shule ya jioni, darasa zima la watu wazima halikuniweza kwa hayo mawili. Vijana wa leo hawana haja ya kuku, simu huwasahihishia. Wakupita na Kiingereza kilichonyooka kama mnazi, na shikamoo hawana. Chetu kilichechemea, lakini kilibisha hodi.

Siku ikafika. Nikaingia langoni nikinong'ona: *his*, *her*, *his*, *her*... Lango likalia!

Nikaganda. Wenzangu wakagongana nyuma yangu. Machozi yakinilenga, nikamwambia bawabu, "Shikamoo, babu. Nimekosea wapi? Jogoo si *his*?"

Bawabu alinitazama, akaipapasa kaptura yangu, akaukung'uta mfuko. Vikamwagika vifuniko vya soda vya kuezekea nyumba.

"Marahaba, mwanangu. Chombo hiki hakijui Kiingereza. Chajua chuma. Viache hapa, upite ukaimbe."