Kiti Hakikai Tupu

Kwenye lango kuu la chuo kuna picha kubwa ya mwanamke mwenye tarumbeta mdomoni, macho ameyafumba, na chini yake wameandika: Jifunze muziki kwa wanaoupiga. Siku ya kupigwa picha hiyo, mpiga picha alimwomba avimbishe mashavu ili ionekane kweli anapuliza. Yeye akamwambia avimbishe ya kwake, kwa sababu mwanafunzi yeyote anayevimbisha mashavu chumbani kwake hutolewa nje. Ndiyo maana picha ikatoka na uso mtulivu, na wapita njia wakadhani ni mwanamke mpole.

Upole ulimpitia mbali. Wanafunzi walimwita Bi Shaba, jina lililoanzia kwenye ala yake likahamia kwenye tabia yake, maana ukimgusa kidogo tu, anavuma. Asubuhi alifundisha tarumbeta katika chumba cha mwisho cha idara ya muziki, chenye kioo kilichopasuka mlangoni na kitambaa sakafuni cha kupokea mate ya wapulizaji. Mchana na siku za mapumziko alikuwa tarumbeta ya kwanza katika bendi kubwa ya ukumbi wa jiji. Kabla ya chai ya asubuhi alikuwa amekwisha kupuliza noti ndefu nyuma ya nyumba, akiwa ameuziba mdomo mpana wa mbele wa tarumbeta kwa soksi ya mumewe ili majirani wasije na marungu. Pilipili hakuila kwa sababu ya midomo yake, na mumewe, fundi umeme mstaafu, alipenda kuwaambia wageni kwamba katika nyumba hii midomo ya mkewe ni mali ya umma, yeye anaazima tu.

Basi mwanamke huyo wa langoni ndiye aliyeitwa ofisini kujibu kosa la kupiga tarumbeta. Alipita chini ya picha yake mwenyewe akiuma meno.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mkuu wa idara wa zamani alikuwa mpiga ngoma, na alijua maisha ya watu wa jukwaani. Alipostaafu akaletwa daktari mmoja ambaye wanafunzi walimbatiza Nadharia, kwa kuwa alifundisha nadharia ya muziki na hakuna aliyewahi kumsikia akipiga chochote, hata mluzi. Nadharia alipopanga ratiba mpya, akalihamishia somo la Bi Shaba Alhamisi alasiri, saa ile ile ya mazoezi ya bendi. Bi Shaba akaenda kumwomba alirudishe asubuhi. Akajibiwa kwamba ratiba imepangwa na kompyuta, kana kwamba kompyuta ni mkwe asiyeweza kuulizwa swali.

Akafanya wanavyofanya wapiga muziki wote duniani: akaweka mtu wa kumshikia kiti. Katika bendi hiyo ni sheria bila karatasi. Ukiumwa, au ukifiwa, au ukiitwa pengine, humwachii kiongozi wa bendi tatizo lako. Unatafuta mpigaji wa kiwango chako, anakuja, anakaa, anapiga, na jioni anaondoka zake. Kiti hakikai tupu. Na aliyeshikia hakitamani kiti cha mwenzake, hata akisifiwa vipi, hata kiongozi akimkonyeza. Anayevunja sheria hiyo hapigiwi simu tena na mtu yeyote.

Aliyemshikia kiti cha darasani Alhamisi zote alikuwa Kijiti, binti mwembamba aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ambaye alikuja kwake akijua kupiga kelele tu na sasa alikuwa na sauti nzuri kuliko mtu yeyote wa rika lake. Mjini pale waliokuwa na uwezo wa kufundisha tarumbeta chuo kikuu walikuwa hao wawili. Kijiti aliishi kwa kushikia viti vya watu, leo hiki kesho kile, na hakuwahi kuwa na mlango wenye jina lake. Alifundisha vizuri, wanafunzi walimpenda, na muhula ukakaribia kuisha bila mtu kulalamika.

Kisha Nadharia akapita kwenye korido Alhamisi moja akasikia tarumbeta inalia mle ndani, akachungulia kwenye kioo kilichopasuka, akaona uso asioujua.

Kikaoni walikaa watatu, Nadharia katikati. Kosa lilisomwa: utoro kazini, na kuingiza mtu asiye mwajiriwa darasani. Bi Shaba akawaeleza desturi ya kushikia kiti kwa uvumilivu ambao hata yeye ulimshangaza. Akawaambia kwamba mwaka mzima wanamsifu kwenye lango kwa sababu anapiga, na ndani ya lango wanamshtaki kwa sababu anapiga. Mjumbe mmoja akakohoa. Mwingine akauliza, kwa nia njema kabisa, kama hawezi kupiga hiyo tarumbeta wakati wa likizo.

Nadharia akatabasamu. "Mama, wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Sisi tunakusaidia tu kuchagua."

"Daktari, mimi sijashika mawili," Bi Shaba akasema. "Hii ni sufuria moja, ina mishikio miwili. Ukikata mmoja, utaungua."

Nadharia akayachukulia hayo kuwa matusi. Akamwambia aache jukwaa, atie saini kwamba ameacha, au mkataba wake ukiisha mwisho wa muhula usihuishwe. Walimpa hadi Ijumaa afikirie.

Alifika nyumbani damu inamchemka. Alizunguka sebuleni akigonga viti kwa paja, akisema maneno ambayo mumewe alijifanya hayasikii. Alisema atawaonyesha. Hawana mtu mwingine, watamtoa wapi? Kijiti? Kijiti amelelewa ndani ya desturi, hawezi kukalia kiti alichoshikishwa. Watahangaika wiki moja, kisha watamjia wamepiga magoti. Mumewe akamwacha amalize, kisha akamwambia taratibu kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, na huenda huyo daktari anachosubiri ni yeye aruke mwenyewe aingie mtumbwini. Bi Shaba akamwambia akatengeneze nyaya zake.

Ijumaa hakusubiri hata kukaribishwa kiti. Alisimama mlangoni kwa Nadharia akasema, "Tafuteni mwingine." Akageuka. Korido nzima alitembea kifua mbele, akijiona ameshinda, na hapo ndipo lilipokuwa kosa lake. Alidhani desturi ya jukwaani inafanya kazi mpaka ofisini. Alidhani watu wote wameisikia.

Muhula mpya ulipoanza, alikwenda chuoni kuchukua stendi yake ya noti aliyoisahau. Kabla ya kuufikia mlango alisikia tarumbeta, na hakuhitaji kuchungulia kwenye kioo. Mwalimu aliyeifundisha sauti ile alikuwa yeye. Jina kwenye mlango lilikuwa jipya, na rangi yake ilikuwa bado inanuka.

Kijiti alipomwona aliiweka tarumbeta chini, akasimama kama mwanafunzi. Bi Shaba alimwambia mengi, na mengine hayastahili kurudiwa hapa. Alimwambia kuwa ni mwizi wa viti. Alimwambia kwamba hata kunguru huacha kiota alichokikuta kina mwenyewe. Binti alisikiliza yote ameinamisha kichwa.

"Mwalimu, nilikupigia simu mara nyingi, hukupokea," akasema mwishowe. "Nilitaka kukuuliza kwanza. Wakasema nisipojibu siku hiyo watalifunga somo la tarumbeta kabisa, wanafunzi wahamishiwe piano."

Bi Shaba alikumbuka simu zile. Alikuwa hapokei simu ya mtu yeyote wiki ile, kwa hasira. "Na jukwaa?" akauliza.

Kijiti alitazama kile kitambaa cha mate sakafuni.

"Umesaini?"

"Nimesaini."

Basi. Bi Shaba alichukua stendi yake akatoka. Alikuwa ameingia chumbani na hasira ya kumtosha msichana mmoja, akaondoka na hasira isiyojua pa kukaa. Sauti ile aliyoichonga kwa miaka, asubuhi baada ya asubuhi, walikuwa wameinunua ili wainyamazishe. Na yeye ndiye aliyewapisha mlangoni kifua mbele.

Mdomo wa mpiga tarumbeta nao una adui zake, na jino ndilo kubwa. Siku chache kabla ya onyesho kubwa la bendi, jino la nyuma la Bi Shaba liliota jipu, shavu likavimba likawa kama ameficha embe ndani. Daktari wa meno alimwambia hata filimbi asiiguse. Kwenye onyesho hilo kulikuwa na kipande ambacho katikati yake bendi nzima hunyamaza na tarumbeta ya kwanza huimba peke yake. Kiongozi wa bendi akauliza ni nani atakayemshikia kiti. Kwa mara ya kwanza maishani Bi Shaba hakuwa na mtu wa kumtaja. Tarumbeta ya pili alikuwa mzee mmoja mwema asiyefika noti za juu, na aliyebaki alikuwa ametia saini.

Kiongozi aliamua sehemu ile ipigwe na fidla. Lakini kiti cha Bi Shaba alikataa kiondolewe jukwaani, kwa ghadhabu yake mwenyewe, kikabaki katikati ya wapulizaji kikiwatazama watu.

Jumapili hiyo alasiri Bi Shaba aliketi ukumbini pamoja na wasikilizaji, shavu limefungwa kitambaa, mkoba wa tarumbeta miguuni, kwa kuwa hakuwahi kutoka nyumbani bila huo. Mstari wa mbele kabisa aliketi Nadharia, mgeni mwalikwa, suti imenyooshwa vizuri. Na kiti cha jirani, upande wa kulia wa Bi Shaba, akaja akakaa Kijiti. Hawakusalimiana. Kusikiliza, inaelekea, hakukuwa kumekatazwa kwenye ile karatasi.

Kipande kilipofika katikati, bendi ikanyamaza, fidla ikaanza. Ilipigwa vizuri, fidla masikini haina kosa. Lakini maneno yale hayakuwa yake. Bi Shaba akatazama pembeni akaona vidole vitatu vya Kijiti vikibonyeza juu ya pochi yake, noti kwa noti, bila kukosa hata moja. Akatazama chini akaona vyake pia vinabonyeza gotini. Wapiga tarumbeta wawili bora wa mji mzima walikuwa wanapiga kwa pamoja, na hakuna aliyesikia kitu.

Kipande kikaisha. Wa kwanza kusimama na kupiga makofi alikuwa Nadharia. Alimgeukia jirani yake, na kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa akasema kwamba hapo katikati ndipo penyewe, kwamba hivyo ndivyo mtunzi alivyokusudia.

Kijiti aliacha kubonyeza.

"Hajasikia," akasema polepole. "Mwalimu, hajasikia kitu."

Bi Shaba alikuwa na maneno ya muhula mzima ya kumjibu, na mdomo uliovimba ukakataa kuyatoa. Alichoweza ni kuinua ule mkoba kutoka miguuni na kuuweka juu ya mapaja ya binti. Kilibaki kipande kimoja cha mwisho, na wapigaji walikuwa wanageuza karatasi za noti.

Kijiti alikaa nao hapo muda kidogo, mikono juu ya kifuniko. Alitazama kisogo cha Nadharia. Kisha akafungua vifungo viwili vya mkoba, na vililia kwa sauti iliyofanya watu wa mstari ule wageuke. Alipuliza hewa ya moto ndani ya tarumbeta kuiamsha, jinsi alivyofundishwa, akashuka ngazi za ukumbi. Ilimbidi apite mbele kabisa ya Nadharia, magoti kwa magoti, na alisema samahani kwa adabu zote, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Nadharia akavuta miguu yake kumpisha, kisha akatambua anayempisha ni nani.

Kiongozi wa bendi alisubiri mpaka binti akae na atengeneze midomo yake, akainua fimbo yake ya kuongozea.

Noti ya kwanza ilipotoka, watu walijisogeza kwenye viti vyao. Bi Shaba hakutabasamu, na si kwa sababu ya jino. Alikuwa amekasirika upya kuliko siku ya kikao, kuliko siku ya mlangoni, kwa sababu kitu kizuri namna ile kilikuwa kimelazimika kwenda jukwaani kama mtoro. Alimtazama Nadharia akitoa kalamu mfukoni kuandika kosa la Kijiti. Kesho chuoni kungekuwa na kiti kitupu, na mji mzima hakuna ambaye angekubali kukishikia.