Mkono Uliobaki Chini ya Vanishi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya ukuta wa karakana, mama mmoja aliyefunga kitambaa kichwani anapiga magoti kando ya gari la bluu iliyokolea. Hagusi kitu. Anasogeza mdomo karibu na rangi, juu kidogo ya kifuniko cha tangi la mafuta, kisha anahema taratibu, kama mtu anayetaka kufuta miwani.

Ukungu wa pumzi yake unatanda juu ya bati. Ndani ya ukungu huo panabaki mkono wa mtu: kiganja kizima, kidole gumba, vidole vitatu vilivyobanana, na kidole kidogo kilichokaa upande peke yake kama kimegombana na wenzake. Ukungu unakauka, na mkono unaondoka nao.

“Umeuona,” anamwambia mwandishi bila kugeuka. Hajauliza swali.

Mafundi wa hapa wanamwita Mama Madoa, jina ambalo halimpendezi sana. “Utadhani mimi ndiye ninayeyaweka,” analalamika, huku akikung’uta magoti. Kazi yake ni kuondoa yale yaliyowashinda waosha magari: lami iliyorukia milango, utomvu wa miti, kinyesi cha ndege kilichokaukia kwenye boneti, rangi ya ukutani iliyopeperushwa na upepo wakati jirani anapendezesha nyumba yake.

Zana zake zinaenea kwenye ndoo moja. Kuna spiriti, mafuta ya taa kidogo kwenye chupa, vitambaa laini alivyovikata kutoka kwenye fulana kuukuu, na donge la udongo wa kusafishia rangi analolikanda kiganjani mpaka lilainike. Kabla ya yote huvaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupapasa gari zima akiwa amefumba macho. Kupitia mfuko huo, anasema, punje ambayo kidole kitupu hakiisikii hukwaruza kama mchanga.

“Watu wanadhani doa linatoka kwa nguvu. Ukilisugua kwa hasira unaondoka na rangi yenyewe, halafu uanze kumkwepa mwenye gari,” anasema. “Kinyesi cha ndege, kwa mfano, unakilazia kitambaa cha maji ya vuguvugu. Unakikanda kama unavyomkanda mgonjwa. Unasubiri. Kitajiachia chenyewe.”

Siku njema hupata magari mawili. Mvua zikianza anaweza kukaa wiki nzima akiitazama ndoo yake, maana hakuna anayelipia kung’arisha gari litakalopita kwenye tope kesho. Hata hivyo ndoo hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mama mkwe wake, na kodi ya vyumba vyao viwili inatoka humohumo.

Ufundi huu aliupata kwa mumewe, ambaye alikuwa fundi wa kupuliza rangi. Ukimwuliza habari zake anacheka kwanza. Alikuwa mtu wa maneno mengi, anasema, na alikuwa na tabia moja mbaya iliyowakera mafundi wote waliowahi kufanya naye kazi.

Gari likishapulizwa rangi, kabla ya kupigwa vanishi ya kuling’arisha, lazima rangi ikauke. Fundi mwenye adabu hugusa ile karatasi ya kuzibia vioo kwa ncha ya kidole, basi, anajua. Mumewe hakuiamini karatasi. Alikuwa akibandika kiganja kizima kwenye rangi yenyewe, kila mara mahali palepale, juu ya kifuniko cha tangi. Jasho lilibaki, vanishi ikamwagwa juu yake, na mkono ukafungiwa humo.

“Kwa macho huoni kitu. Gari linatoka linang’aa, mteja anafurahi,” anasimulia. “Ila asubuhi yenye umande, mkono unatokea. Wateja walikuwa wanarudi wamekunja uso. Mimi ndiye niliyekuwa nauondoa kwa msasa. Ndivyo nilivyojifunza kazi, kwa kusafisha makosa yake.”

Mumewe alifariki miaka sita iliyopita, stoo ya rangi alimokuwa amelala ilipoungua. Thina, ile ya kuzimulia rangi, ikishika moto haibakizi kitu cha kutambua. Familia ilipewa kifungo cha chuma cha mkanda wake na kilichopatikana karibu nacho, wakakizika. Matanga yakakaliwa, watu wakalia, maisha yakaendelea kwa kuchechemea.

Gari hili la bluu liliingia karakana Jumanne iliyopita. Mwenye nalo ni mwuza dawa, mtu mpole anayezungumza kama ana mgonjwa chumba cha pili. Alikuwa ameshawapitia waosha magari watatu. Wa kwanza alisugua akachoka. Wa pili alisema ni unyevu. Wa tatu aliurudisha ufunguo na kumshauri alipeleke gari kwa mtu wa dua.

“Mke wangu hataki tena kulipanda,” mwuza dawa anaeleza, akitazama kando. “Anasema kila asubuhi kuna mtu amelishika gari letu. Nikifuta, kesho yupo tena. Nataka kuliuza, lakini nani atanunua gari lenye mkono?”

Mama Madoa alimwambia doa ni doa. Akaanza kazi mchana, jua likiwaka, wakati hakuna umande wa kumwonyesha kitu. Alipapasa kwa mfuko, akapitisha udongo, akapiga polishi mzunguko wa kwanza kwa mashine ya kuazima. Akahema kuangalia. Mkono ukatokea, hafifu.

Akapiga mzunguko wa pili, akahema. Mkono ukaja umekolea. Baada ya wa tatu akaona mpaka mistari ya kiganja.

Sababu anaijua, na anaieleza bila kupepesa. Polishi hula vanishi. Kila unaposugua unaipunguza ile ngozi ya juu, na kilicho chini kinasogea karibu nawe. Alikuwa akiyajua hayo siku nyingi. Hata hivyo anakiri kwamba nywele zilimsimama, kwa sababu kadiri alivyofuta ndivyo mtu yule alivyokuwa anakuja.

Ndipo alipokiona kidole kidogo, kimekaa upande kama cha mumewe. Alizima mashine akakaa chini kwenye saruji.

“Nilimwuliza mwenye gari lilipulizwa rangi lini. Nikasema moyoni, aseme zamani. Aseme miaka saba, minane,” anasema. “Akaniambia, mwaka juzi. Aligongwa njiani akiwa safarini, akalitengeneza kwenye gereji moja ya barabarani. Nikamwuliza aliyepuliza ni nani. Akasema ni mtu mmoja kimya, hasemi na mtu.”

Mume aliyemjua yeye alikuwa haishi maneno. Alishika uzi huo kwa muda, akajiambia basi si yeye. Ulimwengu una mafundi wengi wenye vidole vya upande, na tabia mbaya huambukizwa kazini. Huenda ni mtu aliyefundishwa naye. Alijihesabia sababu hizo zote, kisha akainama akahema tena.

Jioni alimweleza mama mkwe wake, bibi mwenye mgongo uliopinda na masikio makali. Bibi alikuwa akichambua mchele kwenye sinia, na hakuinua macho.

“Mwanangu tulishamlilia,” alimwambia. “Usinirudishe huko, mke wa mwanangu. Aliyekufa amekufa.”

“Na kama hakufa, mama?”

“Kama hakufa, basi alituacha. Sasa wewe chagua unalolitaka.”

Anasema hapo ndipo alipoelewa kinachomuumiza. Kwa miaka yote hiyo alikuwa mjane, na ujane una heshima yake. Watu wanakupisha kwenye foleni ya maji, wanakuita dada kwa sauti ya chini. Sasa mkono ule ulikuwa unamtoa kwenye ujane na kumweka mahali ambapo hata jina hapana. Na kama mumewe yu hai, ni nani aliyezikwa siku ile? Swali hilo analisema polepole, halafu analiacha.

Juzi asubuhi, kabla mafundi hawajafika, bibi alitokea karakana bila kuitwa. Alikuwa amekuja kwa miguu. Aliomba aonyeshwe.

Mama Madoa alihema. Mkono ukatoka. Bibi akauinamia, akanyoosha kidole chake kwenye kile kidole kidogo bila kukigusa, na akabaki hivyo mpaka ukungu ukakauka. Akamtaka ahemee tena. Akamtaka tena. Safari ya nne Mama Madoa alikuwa amekaukiwa na pumzi, naye bibi akainama akahemea mwenyewe.

“Alianguka kwenye ngazi akiwa mdogo,” akasema. “Hospitali ilikuwa mbali. Nilikifunga mwenyewe kwa kipande cha ufito. Nilikifunga vibaya.”

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaondoka kama alivyokuja.

Mwuza dawa amekubali kusubiri hadi Jumatatu. Ameandika njia ya kufika kwenye ile gereji nyuma ya pakiti ya dawa ya kikohozi, na hakuuliza kwa nini. Gari limefunikwa turubai. Mafundi wa hapa, ambao kwa kawaida hutania kila kitu, wanapita mbali nalo, na hakuna aliyeweka chai yake juu ya boneti tangu Jumanne.

Jumamosi Mama Madoa atafunga safari. Akirudi, anasema, atalipiga gari msasa wa maji mpaka afike chini, ampulizie mteja rangi mpya mahali pale, na mkono hautaonekana tena, vyovyote atakavyokuwa amekuta huko. Kazi ya watu ameipokea, lazima aimalize.

Alikuwa amepanga kwenda peke yake. Jana alimkuta mama mkwe wake ameshafua gauni lake la safari na kulianika, na viatu vimepanguswa vimepangwa mlangoni.

Anapoulizwa anatumaini nini, anakanda lile donge la udongo.

“Mama anaomba amkute,” anasema. “Hajaniambia, lakini namsikia usiku. Mimi nilimpenda sana yule mtu. Naomba tufike pale, tuambiwe fundi ni mtu mwingine kabisa, na mume wangu awe amekufa kweli, vilevile tulivyomzika. Tutakaa kiti kimoja kwenye basi, kila mtu na dua yake.”