Kachoo Nilikomjengea Mama Ndani ya Gari

Leo nimejua mama yangu alinidanganya, na siwezi hata kumkasirikia.

Mnaijua ile van yangu kuukuu ya Nissan. Niliiwekea kitanda ili mama aende kliniki Kitui akiwa amelala. Kutoka kwetu Kathonzweni ni mbali, na njiani lazima ashuke aende kichakani. Mama mzima, kichakani! Nikasema hapana, namjengea choo humo ndani.

Nimekajenga mwenyewe kila Jumamosi, miezi mitatu. Plywood, mlango wa kusukuma, hata chuma cha kujishikilia.

Leo ndio ilikuwa safari ya kwanza. Katikati ya njia mama akasema amebanwa. Nikafungua mlango kwa madaha, jamani.

Akashindwa kugeuka. Miguu imeishiwa nguvu, siku hizi lazima ashikwe. Dada yangu Mwende akajaribu kuingia naye.

Wawili hawatoshi.

Mimi niko nje nasikia viwiko vikigonga plywood.

Mwishowe wakashuka. Kichakani, Mwende ameshika leso kumkinga, kama kawaida.

Vipimo vyangu havina makosa. Ni vya mama wa miezi mitatu iliyopita, yule aliyekuwa anasimama mwenyewe.

Na wiki jana nilimwita aje akajaribu. Akachungulia tu mlangoni, akacheka. "Maliza, mwanangu. Kanapendeza."

Alikuwa anajua.

Sasa kesho nikishika msumeno nikapanue, na yeye ananiangalia kwa dirisha, nitamwambia nini?